Picha Ziko Kwenye Grupu

Gari lilisimama chini, pale ambapo barabara ya Igogo inakata tamaa na mawe yanachukua mamlaka. Dereva akatazama juu, akaona nyumba zimeng'ang'ania majabali kama kupe kwenye shingo ya ng'ombe, akazima injini bila kuulizwa. Winnie akateremka. Akaangalia viatu vyake vya kisigino, akaangalia mlima, akavivua. Basi akapanda kwa mdogo wake Pius peku, viatu mkononi na pochi kwapani, kama mtu anayevuka mto, huku watoto wa majirani wakimsindikiza kwa heshima zote anazostahili mgeni aliyekuja na gari.

Selina, mke wa Pius, alikuwa amechutama mbele ya karai la mihogo ya kukaanga aliponyanyua macho na kumwona wifi yake.

"Jamani, wifi! Shikamoo. Mbona hata hujatuambia unakuja? Ningeteremka kukupokea."

"Marahaba. Niwaambie mara ngapi, wifi yangu?" Winnie alikuwa anahema. "Haya, Mama yuko tayari?"

"Tayari kwa nini?"

Winnie akacheka, akajipepea kwa kiatu. "Selina na utani wako. Hebu nionyeshe vitu vyake. Kaka Jonathan kasema tusibebe mizigo mingi, huko Dodoma atashonewa nguo mpya. Tuchukue dawa, na lile blanketi alilozoea."

Mkono wa Selina ukabaki hewani na kipande cha muhogo. Mafuta yakaendelea kuchemka yenyewe. Mafuta hayana habari za ukoo.

Mama Dorotea mwenyewe, mama yao Winnie na Pius, alikuwa ameketi pembeni kidogo juu ya jiwe lake la bapa, akiota jua. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na watu aliwatambua kwa sauti.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Winnie, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mayu, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Na gari. Kesho tunakwenda Dodoma kwa Kaka."

"Kufanya nini?"

Winnie akasita. "Kutembea, Mama. Kupumzika kidogo."

Mkono wa Mama Dorotea ukapanda taratibu, ukashika sikio la kushoto, ukalibana ncha kwa vidole viwili. Winnie alidhani mama yake anawashwa. Selina alijua. Kwa miaka yote aliyomwogesha, akamvalisha, akamshika mkono kati ya mawe kwenda chooni, alikuwa amejifunza kwamba mama mkwe wake akiumwa hasemi. Anashika sikio. Goti likimsumbua, sikio. Tumbo likimkata, sikio. Siku ile mwanakwaya mwenzake wa zamani alipozikwa, alilishika tangu asubuhi mpaka watu wanatawanyika.

Pius alipanda mlima mbiombio, sindano ya viatu imechomekwa kifuani. Kibanda chake cha kushona viatu kilikuwa kule kule chini barabarani, kwa hiyo gari alikuwa ameliona kabla ya wote, na alikuwa amechukua muda wake kabla ya kulifuata.

"Pius, mdogo wangu, mke wako ananishangaza," Winnie alisema. "Hukumwambia?"

Pius akamwangalia mkewe. Akaliangalia gari kule chini. "Kumwambia..."

"Mambo ya kwenye grupu!" Winnie akatoa simu pochini, simu pana kama sinia la chai, akaanza kusoma kwa kidole. "Haya hapa, Familia ya Ng'washi. Kaka anasema: 'Tumchukue Mama aje huku. Kuna chumba, kuna maji ndani, kuna dada wa kumhudumia. Pius unasemaje?' Pius huyu hapa: 'Sawa.' Kaka tena: 'Basi muulize Mama mwenyewe kama anapenda. Akikataa, tunaacha.' Na Pius: 'Mama kafurahi sana.' Kaweka na kikatuni kinacheka."

Selina akamgeukia mumewe polepole, kama anayegeuza muhogo asiojua umeiva au umeungua.

"Ni kweli," Pius alisema. Sauti ilitoka kavu. "Niliandika."

"Sasa? Na hiyo simu yenyewe iko wapi? Jana nimekupigia vidio njia nzima nikuonyeshe tulipofika. Inaita, hupokei."

"Iko kwa fundi. Kioo."

"Kioo!" Winnie akaangalia mbinguni. Hakuwa mtu mbaya. Alimtania mdogo wake kwa mapenzi ya dada, na hayo ndiyo yanayokwenda mpaka mfupani. "Kaka kampa ng'ombe, ng'ombe kaugua. Kampa cherehani ya viatu, imeibiwa. Sasa simu imepata kioo. Pius, hata ukipewa huu mlima wa mawe, wiki haiishi tutasikia umepotea!"

Majirani waliokuja kuangalia viatu vya kisigino wakacheka. Pius naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. Aliyezoea kuchekwa hukimbilia kuingia ndani ya kicheko kabla hakijamfikia.

"Mimi nalala gesti mjini," Winnie alisema, akianza kuteremka. "Kesho alfajiri tunamchukua. Mtafute vijana wa kumshusha, maana mimi na huu mlima tumeshaagana."

*

"Uliandika na nini?" Selina aliuliza wakiwa wawili ndani. "Na sindano ya viatu?"

Pius aliketi kitandani. Ile simu walikuwa wameiuza.

Jonathan aliwanunulia ili ukoo uwe unamwona Mama. Ukoo ulimwona kweli. Ila simu ile ilikula kuliko Mama. Ilitaka bando asubuhi, ikataka bando jioni, na kila Dodoma walipopiga kulikuwa na maagizo: msogezeni kwenye mwanga, mbona hana sweta, leo amekula nini, hebu tuonyeshe sahani. Ndipo Selina alipoanza kuazima sahani ya wali kwa jirani siku za vidio. Picha ikikatika, sahani inarudi kwa wenyewe, na Mama Dorotea, ambaye haoni vizuri lakini pua yake ni nzima, anauliza wali umekwenda wapi. Mvua zilipomletea kifua na dawa zikawa za kununua, waliibeba simu mpaka soko la samaki la Mwaloni, wakamuuzia kijana mmoja wa dagaa. Wakanunua dawa, na kitochi cha kupigia na kumulikia, wakachomeka laini yao ile ile humo. Wakapatana kwamba Dodoma hawatajua.

"Kaka akipiga kwenye kitochi," Pius alisema sasa, akiangalia sakafu, "huwa anauliza, 'Umeona kwenye grupu?'"

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimeona, kaka."

"Baba Favour!"

"Ulitaka nisemeje?"

"Kwamba hujaona."

"Angeuliza kwa nini."

"Ungemwambia kwa nini."

Nje, Mama Dorotea alikuwa anamwimbia mjukuu wake Favour wimbo wa kupalilia, sauti nyembamba lakini bado inashika mahali pake. Selina alisikiliza kidogo. Hasira yake ikahama kutoka kwa mumewe ikaenda kutafuta mtu mwingine.

"Sasa wewe hukuandika, mimi sikuandika. Nani kamwambia shemeji kwamba Mama kafurahi?"

Walitazamana. Kisha Pius akafuata viatu vyake, na Selina kanga yake.

*

Mwaloni mchana ni mahali ambapo kila mtu ana haraka isipokuwa samaki. Kijana wao alikuwa pale pale walipomwacha, katikati ya magunia ya dagaa, buti za mpira mguuni. Jina lake Collins, mtoto wa Rorya, mdomo wake haujui likizo. Pius alipojitambulisha, Collins alirusha mikono juu kama aliyepata ndugu.

"Pius! Pius wa Familia ya Ng'washi! Kaa, mzee wangu, kaa kwenye gunia. Na huyu ndiye shemeji Selina? Pole na mlima, shemeji. Haya niambieni, harusi ya Maige iliishaje? Maana kamati ilijitoa, halafu pale kwenye grupu pakawa kimya, na mimi nimebaki roho juu."

"Umeyajuaje hayo?" Pius aliuliza.

Collins akaitoa simu. Ilikuwa ile ile, na ufa wake mdogo pembeni. "Siku ile mlitoa laini, lakini humu ndani hamkufuta. Nafungua, nakuta ukoo mzima umo, unaamkiana. Mimi WhatsApp yangu iko kwenye simu nyingine, hii ni ya kupigia picha mzigo. Nikasema nifute. Halafu nikaona wanagombania harusi. Nikasema ngoja iishe ndiyo nifute." Akacheka. "Haiishi! Ninyi watu ni tamthilia."

"Na unawajibu," Selina alisema.

"Kidogo tu, shemeji. Wakiandika 'Bwana asifiwe' naandika 'Amina.' Wakiuliza mbona Pius kimya, naandika 'Sawa.' Ni adabu tu."

"Na Mama kafurahi sana? Hiyo nayo ni adabu?"

Kicheko cha Collins kikashuka kama tanga lililokosa upepo. Alichota dagaa kiganjani, akawarudisha guniani.

"Yule kaka yenu alikuwa anauliza kila siku," alisema. "'Pius, umemuuliza Mama? Pius, Mama anasemaje?' Mtu mzima anamuulizia mama yake hajibiwi! Mimi mama yangu alifia Shirati, mimi niko kisiwani na mtandao hakuna. Habari niliipata ameshazikwa. Nikawaza, huyu anatoa chumba, anatoa maji ndani, anatoa mtu wa kumhudumia. Mama gani hatafurahi?"

Selina alitaka kumtukana, akakosa mahali pa kuanzia. Asubuhi ile alikuwa amepandisha ndoo ya maji kichwani kati ya mawe, kama asubuhi zote, na Mama alikuwa ameteleza chooni, si mara ya kwanza.

"Semeni niandike nini," Collins alisema kwa unyenyekevu. "Nilichoharibu nitengeneze."

"Andika Mama hataki," Pius alisema.

"Hatujui kama hataki," Selina alisema. "Andika hajaulizwa."

"Ukiandika hajaulizwa, wataniuliza mimi nilikuwa nafanya nini."

"Ndiyo ukweli wenyewe."

"Andika hataki," Pius akarudia, na Collins, ambaye alijua jina la kwenye grupu ni la nani, akaandika hivyo.

Haikuchukua muda. Jonathan alikuwa na bando la kutosha na mapenzi ya kutosha. Collins alisoma kwa sauti, lakini si ile sauti yake ya kwanza: "'Pius, kuna nini? Ulisema kafurahi. Dada wa kumhudumia keshafika, chumba kimepakwa rangi. Kama Mama hataki, nataka nimsikie mwenyewe kwa mdomo wake. Washa vidio.'"

Na simu ikaanza kuita.

Uso wa Jonathan ukajaa kwenye kioo, picha ya tai na tabasamu, ikitetemeka juu ya kiganja cha Collins. Nyuma yao mtu alikuwa anamwaga kreti la sangara. Juu ya bati korongo wawili walikuwa wamesimama kama wazee wa baraza. Hapakuwa na kona hata moja ya Mwaloni ambayo ungeweza kuiita nyumbani kwa Pius.

"Pokea," Selina alisema.

"Ataona magunia."

"Aone."

"Atajua."

"Atajua nini? Kwamba uliuza simu ukamnunulia mama yake dawa? Hilo ndilo la kufa nalo?"

"Hukumsikia dada asubuhi? Hukuwasikia wanavyocheka?" Pius alikuwa anaongea chini chini, haraka. "Ng'ombe, cherehani, simu. Watasema nikiachiwa nitamuuza na Mama."

Simu ikanyamaza. Wakapumua. Ikaanza tena.

Selina akanyoosha mkono kuichukua. Pius akamshika kifundo cha mkono. Hakumbana.

"Mama Favour," alisema. "Nakuomba."

Katika ndoa yao yote Pius alikuwa hajawahi kumwomba mkewe kitu mbele ya mtu baki. Aliamuru kidogo, alilalamika sana, alitania. Kuomba, hapana. Na Selina alilelewa kwamba mwanamke hafunui chungu cha mumewe mbele ya mashemeji, hata kama ndani yake hamna kitu. Mkono wake ulibaki hewani, kama asubuhi ile mbele ya karai. Kisha akaurudisha, akaufunga kwenye kanga.

Simu ikaita mpaka ikachoka. Ujumbe ukaingia.

"Anasema," Collins alisoma, "'Kama hupokei basi nijibu hapa hapa mbele ya wote. Winnie aje na Mama au amwache? Neno moja tu, mdogo wangu. Lolote utakalosema nitalifuata.'"

Kidole cha Collins kilikuwa tayari juu ya kioo.

"Neno moja, mzee. Ukisema amwache, anamwacha. Kasema mwenyewe."

"Halafu atapiga tena kesho, na keshokutwa," Pius alisema, kana kwamba anajieleza kwa korongo. "Atataka kumwona. Nitampa nini amwone?" Akajifuta uso kwa mkono wenye gundi ya viatu. "Na huko kuna maji. Kuna maji ndani."

"Baba Favour," Selina alisema.

"Andika sawa."

"Mzee..."

"Andika sawa."

Collins akaandika. Neno hilo alikuwa ameliandika mara nyingi akiwa anatafuna muwa. Safari hii alilibonyeza herufi moja moja, kama mtu anayepigilia misumari kwenye sanduku.

*

Kulipopambazuka vijana wa jirani walimketisha Mama Dorotea kwenye kiti cha plastiki, wakakibeba miguu minne, wakaanza kumshusha. Alikuwa mwepesi. Mmoja alisema hata kreti la soda linamzidi, mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze. Selina alitangulia na mfuko wa dawa, Favour na fimbo ya bibi yake, Pius nyuma kabisa na blanketi.

Winnie aliwapokea mlangoni mwa gari. Selina akamvuta pembeni.

"Wifi, kitu kimoja. Mama akiumwa hasemi. Ukimwona ameshika sikio la kushoto hivi, ujue kuna mahali panauma. Umuulize polepole, ukitaja goti, tumbo, kifua. Ukifika penyewe ataliachia."

"Sikio," Winnie alisema, akimwonyesha dereva pa kuweka mfuko. "Wifi, niandikie kwenye grupu. Kichwa changu sasa hivi hakishiki kitu."

Pius naye akasogea. "Dada, mkifika Usagara msimame kidogo. Asalimie kaburi la Baba."

"Tutasimama. Tutatuma picha kwenye grupu."

Mama Dorotea alikuwa ameshaingizwa kiti cha nyuma. Alipapasa kiti, akapapasa mlango, akapapasa kitu laini kilichowekwa magotini mwake, akakitambua.

"Pius."

"Naam, Mama."

"Kutembea gani kunabeba blanketi?"

Winnie alijishughulisha na mkanda wa kiti. Vijana wa jirani waliangalia ziwa kama wanaliona kwa mara ya kwanza.

"Huko ni kuhama," Mama Dorotea alisema. "Nimekaa nasikia watu wanapanga vitu, hakuna anayeniambia. Nikasema Pius atakuja kuniambia. Jana umekuja ukanipa uji, ukaenda." Uso wake ulielekea sauti ya mwanawe ilikokuwa, ukakosea kidogo, ukawa unamwangalia Selina. "Na wewe ulikubali?"

Lilikuwa swali jepesi. Hapakuwa na Dodoma ndani yake, wala grupu, wala kioo cha simu. Pius angesema hapana, gari lingezimwa. Angesema sijui nilichokubali, mama yangu, niliuza simu, na Winnie angecheka mpaka Nyegezi, halafu angelia, maana ndivyo alivyo Winnie. Selina alisubiri. Alisubiri mpaka akahisi mfuko wa dawa, ambao hakuwa nao tena, ukimlemea mkono.

"Nilikubali, Mama," Pius alisema.

Mkono wa mzee ukapanda kwenye sikio.

"Basi sawa," alisema.

*

Jioni ya siku ya pili kitochi kiliita. Pius alisimama kuongea, kama anavyosimama mbele ya kaka yake.

"Wamefika salama tangu jana," Jonathan alisema. "Mama yuko vizuri. Picha ziko kwenye grupu. Umeziona?"

"Nimeziona, kaka."

Selina alikuwa anasafisha karai. Hakunyanyua kichwa.

Kwa hiyo Jumapili, misa ilipoisha, familia ya Igogo ilivaa vizuri ikaenda Mwaloni kumwona Mama. Collins aliwapangia magunia matatu ya kukalia, akaifuta simu kwenye shati. Picha ya Usagara haikuwepo. Winnie alikuwa ameandika kwamba walipofika pale Mama alikuwa amesinzia, wakaona wasimwamshe. Pius alisoma mara mbili, akasema ni kweli, usingizi wa wazee haufai kukatizwa.

Jumapili iliyofuata wakaenda tena. Katikati ya wiki Selina alikuwa amempigia Winnie kwa kitochi. Vocha ilidumu salamu na nusu ya swali. "Niko kwenye kikao, wifi," Winnie alisema, "weka kwenye grupu, wote tunaona."

"Leo kapendeza!" Collins alitangaza walipofika. "Kavaa kitenge kipya. Yuko kwenye kochi kama mke wa mkuu wa mkoa."

Favour aliipokea simu wa kwanza, akacheka kwa furaha, akampa mama yake. Gamba la samaki lilikuwa limeganda juu ya kioo. Selina akalikwangua kwa ukucha, na chini yake ukatokea uso wa Mama Dorotea, umepakwa mafuta, kilemba kimefungwa na mtu asiyejua anavyopenda kifungwe. Nyuma yake pazia. Pembeni meza yenye matunda. Na mkono wa kushoto juu, vidole viwili vimebana ncha ya sikio.

Chini ya picha Winnie alikuwa ameandika: "Mama anasikiliza redio." Ndugu walikuwa wameweka mioyo myekundu, mingi.

"Nionyeshe ya jana," Selina alisema.

Collins akasogeza. Kitenge kingine, kochi lile lile, mkono sikioni.

"Ya juzi."

Collins akasogeza. Mkono sikioni. Akasogeza nyingine. Mezani, sahani ya wali na kuku mbele yake, haijaguswa, mkono sikioni.

"Labda anasikiliza redio kweli," Pius alisema.

Selina aliweka kidole kwenye kioo, juu ya goti la picha, kisha tumboni, kisha kifuani, kana kwamba mkono ungeshuka.

"Andika," alimwambia Collins. "Andika: Mama hasikilizi redio. Akishika sikio hivyo anaumwa. Muulizeni ni wapi, polepole, mtaje mahali pamoja pamoja. Msingoje aseme, hasemi."

Collins akaandika yote, bila kuongeza kikatuni. Alimsomea, Selina akatikisa kichwa kukubali, Collins akabonyeza. Ujumbe ukaondoka na jina la Pius juu yake.

Wa kwanza kujibu alikuwa Maige, yule wa harusi: "Pius bwana! Mara kafurahi, mara hataki, mara sikio. Fundi, umeshapona kioo?" Watu wakacheka kwenye kioo, nyuso ndogo za manjano zenye machozi, mstari mzima. Winnie akaandika kwamba daktari amempima Mama wiki hii na presha iko vizuri. Mwingine akaandika Amina.

Kisha juu kabisa pakaonekana kwamba Jonathan anaandika. Wote wanne wakainamia kiganja cha Collins. Akaacha. Akaanza tena. Kreti lilipita, mtu akapiga kelele wampishe, hawakumpisha. Jonathan aliandika kwa muda mrefu, kama mtu mwenye mengi, akaacha, na Selina akajikuta amelishika sikio lake mwenyewe.

"Kasemaje?" Pius aliuliza, maana kichwa cha Favour kilimzuia kuona.

Collins akaigeuza simu asome mwenyewe.

"Sawa," Jonathan alikuwa ameandika.